Deni la Njiani

Fomu ya kuombea viza ya nchi za Schengen ina swali linalomtaka mwombaji ataje dhumuni la safari yake, na majibu yamekwisha kupangwa: utalii, biashara, kutembelea ndugu au marafiki, utamaduni, michezo, matibabu, masomo. Unatia alama kwenye kisanduku chako, unaendelea. Lakini swali zito zaidi liko mbele, panapoulizwa nani atagharimia safari. Hapo ndipo unapoambatanisha taarifa ya benki, tiketi ya kwenda na kurudi, uthibitisho wa mahali pa kulala, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Zisome karatasi hizo kwa pamoja, utaona zote zinathibitisha jambo moja: kwamba muda wote utakaokuwa ugenini hutamlemea mtu. Hutalala bure, hutaugua kwa gharama ya mtu, na siku yako ikifika utaondoka bila kudai wala kudaiwa.

Sina ugomvi na nchi inayolinda mlango wake. Kinachonishughulisha ni sura ya msafiri iliyochorwa na karatasi hizo: msafiri mwema ni yule asiyemhitaji yeyote huko aendako. Na sura hiyo haiko kwa mabalozi peke yao, nasi tumeikubali. Mtalii hutafuta hoteli iliyolipiwa kila kitu kabla hajapanda ndege. Mtumishi hupewa posho inayohesabu kitanda, chakula na teksi, ili asilazimike kugonga mlango wa mtu. Watu huzigawa safari za nje katika mafungu mawili, za kazi na za starehe, na kubishana lipi lina manufaa zaidi. Mimi nimesafiri kwa yote mawili, na nikizipitia safari hizo moja moja naona mpaka wa maana haupiti hapo. Unapita kwenye deni. Safari iliyonibadilisha, ya kazi au ya starehe, ni ile niliyoimaliza nikiwa nadaiwa na mtu.

Deni la namna hiyo nililiona kwanza nyumbani. Anayezaliwa Chemba, mkoani Dodoma, huzijua safari za wengine kabla hajazijua zake. Wilaya yetu ni changa kwenye karatasi, ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, lakini njia inayoipita ni ya siku nyingi. Ni Barabara Kuu ya Kaskazini, kipande cha ile njia ya zaidi ya kilomita 10,000 inayotoka Cape Town mpaka Cairo. Kwa miaka mingi kipande chetu kilikuwa cha vumbi kiangazi na tope wakati wa mvua. Makorongo yakijaa, mabasi na malori yalisimama pande zote mbili kusubiri maji yapungue, na yasipopungua watu walilala vijijini. Abiria wa Arusha, mfanyabiashara wa Babati, dereva wa lori la saruji, wote walikula ugali wa uwele kwa mlenda na kulala kwenye ngozi au jamvi la mtu wasiyemjua jina asubuhi ile.

Rafiki mkubwa wa baba yangu, dereva mmoja wa Moshi, aliingia nyumbani kwetu kwa njia hiyo. Lori lake lilizama korongoni, akalala kwetu mpaka lilipovutwa. Baada ya hapo hakupita bila kushusha mkungu wa ndizi, wala baba hakumwacha apite bila kumpakilia asali au karanga. Hawakuwa na ukoo, dini yao haikuwa moja, na kila mmoja alimsema mwenzake kuwa kabila lake ni wabahili. Walichokuwa nacho ni hesabu isiyofungwa. Kila mmoja aliamini kwamba zamu ya kulipa ni yake.

Mwaka 2018 ilizinduliwa lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251. Sitasema neno baya juu ya lami. Mama mwenye uchungu wa uzazi hufika hospitali Dodoma akiwa hai, na ufuta wa Chemba hufika sokoni kabla mnunuzi hajapata kisingizio cha kushusha bei. Ila tangu siku hiyo hakuna anayelala kwetu kwa sababu ya korongo. Hupita pia waendesha baiskeli wa mataifa mbalimbali wanaoifuata njia hiyo ya Cairo na Cape Town, wamekauka kwa jua, wanapunga mikono. Nyuma yao hufuata lori lenye mahema yao, chakula chao na maji yao. Watoto huwapungia, nao hupungia watoto, na kazi imekwisha. Wanastahili heshima kwa nguvu za miguu. Lakini wilaya nzima wameipita bila kuihitaji, nayo haikuwa na la kuwapa.

Wasafiri wa kale hawakuwa na uhuru huo. Kusini mwetu, Ugogo, misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe na maziwa makuu ilikuwa lazima ipite penye visima vya watu. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa nguo, shanga na waya, na mazungumzo ya ushuru huo yaliweza kuchukua siku kadhaa. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita huko wakielekea Ziwa Tanganyika, wakafika ziwani mwaka 1858. Stanley alipita mwaka 1871. Wazungu hao waliandika mengi ya kulalamikia hongo, wakaiona kuwa ni unyang'anyi wa mchana. Sina shaka wapo watemi waliopitiliza. Lakini tazama kilichokuwa kikiuzwa. Katika nchi ile ya ukame, msafara wa mamia ya wapagazi ulikunywa maji ambayo wenyeji walikuwa wameyachimba, wakayalinda, na ambayo ng'ombe wao wangeyahitaji kesho. Hongo ilimlazimisha mpitaji kukiri kwamba anapita katika maisha ya watu. Baada ya kukiri, alijua jina la mtemi, mpaka wa himaya yake na hali ya visima vyake. Mpita njia wa leo, aliyefungiwa katika kiyoyozi, hajui hata moja kati ya hayo.

Safari yangu ya kikazi ninayoikumbuka sana ni ya Stockholm. Nilikuwa nikifanya kazi kwenye miradi ya maji vijijini, nikatumwa kuhudhuria Wiki ya Maji Duniani, mkutano unaofanyika katika mji huo kila Agosti na ulioanza mwaka 1991. Mji umejengwa juu ya visiwa 14, mahali ambapo ziwa Mälaren linamwaga maji yake katika bahari ya Baltiki. Watu huogelea katikati ya mji, na maji ya bomba hunywewa bila kuchemshwa. Nilikwenda nikiamini kwamba Mungu amewapa wale mvua na sisi ametunyima. Kwenye mkutano nikaona takwimu: Stockholm hupata kiasi cha milimita 550 za mvua kwa mwaka, na Dodoma hupata karibu hizo hizo. Kwetu mvua yote hushuka kati ya Novemba na Aprili, kwa vishindo, juani, juu ya ardhi iliyokauka, ikakimbilia makorongoni na kupotea. Kwao hushuka kidogo kidogo mwaka mzima, kwenye baridi, ikabaki ardhini na ziwani.

Elimu hiyo nilirudi nayo na imenisaidia kazini. Lakini ningeweza kuisoma Chemba kwenye simu. Mkutano wenyewe uliandaliwa usinipe haja ya mtu: kitambulisho shingoni chenye jina na nchi, kadi ya kufungulia mlango wa chumba, chakula mezani cha kujipakulia. Tulisalimiana kwa kusomana vifua.

Jioni moja nilipanda basi kurudi hotelini. Mabasi ya mji ule hayapokei fedha taslimu, na kadi yangu ya benki ikakataa. Dereva akaninyooshea mkono kuelekea mlangoni, bila hasira na bila huruma. Mama mmoja aliyekaa viti vya mbele, amevaa sare ya wafanya usafi, akainuka akagusisha kadi yake kwenye mashine kwa ajili yangu. Kisha akanisemesha Kiswahili, maana alikuwa amenisikia nikinung'unika. Alikuwa Mkongo wa Uvira, kutoka ukingo wa pili wa Ziwa Tanganyika. Tuliongea mpaka kituo changu. Aliniuliza kama Kigoma bado wanauza mikebuka ileile, aliniuliza mimi ni mtu wa kabila gani, akacheka aliposikia kwamba kwetu kuna Wasandawe wanaozungumza kwa kugonga ulimi. Nilipotoa noti kumrudishia nauli, akaukunja mkono wangu.

"Bika, papa. Utanilipa siku tutaonana Uvira."

Aliitamka Uvira kama mtu anayejua kwamba harudi karibuni. Nauli yenyewe ilikuwa ndogo, lakini alikuwa ameipeleka mahali ambapo mimi sijawahi kufika na yeye hawezi kufika, akaiacha huko ikinisubiri. Tangu hapo sisikii habari za Uvira redioni nikaendelea na chakula. Kabla ya safari ile, mji huo ulikuwa jina katika taarifa ya vita. Sasa ni mahali ninapodaiwa.

Niliporudi ofisini nilitakiwa kufanya marejesho ya masurufu. Kila aliyefanya kazi ya serikali au shirika nchini anaijua adha hiyo: stakabadhi ya hoteli, vishina vya tiketi ya ndege, risiti ya teksi, ripoti ya safari yenye malengo, shughuli na mapendekezo. Hesabu zangu zilikamilika, mhasibu akapiga muhuri, faili likafungwa. Faili likifungwa maana yake ni kwamba kati yangu na safari ile hakuna tena anayemdai mwenzake. Kwa shirika ilikuwa kweli. Nauli ya yule mama haikuwa na fungu la kuandikiwa.

Haya yasichukuliwe kuwa ni kuisema vibaya kazi na kuisifu starehe. Safari yangu ya starehe iliyo kubwa ilikuwa ya kwenda kuona Mosi-oa-Tunya, yale maporomoko ya Zambezi yenye upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108. Nilipanda treni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa Wachina katika miaka ya 1970, nikashuka mwisho wake, Kapiri Mposhi, nikamalizia kwa basi hadi Livingstone. Maporomoko ni makubwa kuliko sifa zake. Nililowa, nikapiga picha, nikastaajabu. Lakini mstaajabu wa maporomoko hana jambo na maporomoko. Yalikuwa yakinguruma kabla yangu na yakaendelea nilipoondoka.

Ndani ya treni mambo yalikuwa mengine. Behewani mwetu walikuwamo akina mama wafanyabiashara waliopandia Mbeya na magunia ya mchele wa Kyela na madebe ya dagaa. Mmoja wao alinikaribisha wali wake, nikala. Nilipomaliza kunawa akaniambia, kwa sauti ya mama mkubwa anayemtuma mtoto wa nyumbani, "Haya mwanangu, kaa hapa juu ya magunia, nikishuka kuuza usiyaache." Basi likizo yangu ikawa ya kulinda mchele. Kila kituo aliposhuka nilibaki nimekalia mali ya mtu, nikajibu maswali ya wanunuzi dirishani, nikajifunza bei, nikajifunza nani hulipa na nani husema atalipa treni ikirudi. Nilijua ni mtoto gani anasomeshwa na gunia lipi. Tulipoachana nilikuwa nimekula chakula chake, naye alikuwa ameuza mzigo wake kwa ulinzi wangu, na hatukuweza kusema nani anamdai nani.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii mara nyingi hutajwa kumsuta mgeni mvivu. Mimi naisikia kuwa ni ngazi. Siku mbili za kwanza mgeni analishwa na kutazamwa, yuko katika starehe yake, na mwenyeji hawezi hata kumkosoa. Siku ya tatu anakabidhiwa jembe, na pale ndipo anapoweza kukosea tuta, kuchekwa, kuelekezwa, kuchoka na wenzake, kula alichokitolea jasho. Starehe na kazi, ambazo fomu ya viza imezitenganisha kwa visanduku, katika methali hiyo ni siku zinazofuatana za ugeni mmoja. Mtalii huondoka kabla ya siku ya tatu. Mtaalamu wa kimataifa huja ameshika jembe lake mwenyewe tangu siku ya kwanza, na hajui kama shamba linahitaji kulimwa. Wote wawili hukosa kile kipindi cha kati, pale mtu anapopokea kwanza bila kustahili, kisha anatafuta namna ya kurudisha.

Hata hivyo, hoja hii ina mtego, na kwetu Chemba mtego wenyewe una majina ya watu. Wapo mabinti wa Dodoma na Singida, wa kwetu wakiwamo, waliokwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za ndani. Huko hutawala utaratibu wa kafala, ambao huifunga ruhusa ya mfanyakazi kukaa nchini na mwajiri wake. Human Rights Watch, katika taarifa yake ya mwaka 2017 kuhusu wanawake wa Tanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, ilieleza juu ya pasi zilizochukuliwa, saa za kazi zisizo na mwisho, na waajiri waliotaka kwanza warudishiwe gharama walizolipa kwa mawakala ndipo wamwachie mtu aondoke. Hapo kuna haja tele, na kuna deni tena limetajwa kwa tarakimu. Nikisema deni ndilo linaloipa safari maana, binti aliyefungiwa ndani Muscat ana haki ya kuniuliza nazungumza juu ya nini.

Kwa hiyo lazima niligawe deni lenyewe. Liko linaloandikwa na mwenye nguvu kabla hujafika, ambalo haliishi hata ukilipa, na ambalo kazi yake ni kukuzuia mlangoni. Liko pia linalozaliwa kati ya watu wawili ambao kila mmoja angeweza kuondoka. Dereva wa Moshi angeweza kupita bila kushusha ndizi. Mama wa Uvira angeweza kutazama dirishani. Uhuru wa kuondoka ndio unaoligeuza deni kuwa kifungo cha hiari, na penye haja bila uhuru huo safari ni utumwa, hata kama tiketi ilikuwa ya ndege. Uhuru huo ni pamoja na uhuru wa kurudi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa Desturi za Wasuaheli, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, akaoa mke Mjerumani. Mwaka 1905 alijaribu kurejea naye nyumbani, serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka pamoja Dar es Salaam. Akarudi Ujerumani, akafia huko mwaka 1927. Safari iliyofungwa upande wa kurudi humfanya mtu asiwe tena msafiri.

Na bado, hata ndani ya kafala, watu huchonga kitu chao. Binti mmoja wa kwetu, ambaye huniita baba mdogo, alirejea kutoka Muscat baada ya mkataba wake kwisha. Kijijini aliulizwa maswali mawili: amekuja na shilingi ngapi, na bati za nyumba ya mama yake ataezeka lini. Mimi nilimwuliza alikuwa akiongea na nani. Akanisimulia habari za bibi mzee wa nyumba ile, aliyezaliwa Unguja na kuondoka akiwa msichana baada ya Mapinduzi ya 1964. Watoto wake wote walikuwa wakizungumza Kiarabu tu. Kiswahili cha bibi kilikaa miaka mingi bila wa kukijibu, mpaka alipofika msichana wa Chemba kuja kumwogesha. Kila siku alimwuliza kama huko nyumbani embe zimeiva.

"Baba mdogo," aliniambia, "nyumba nzima ilinitaka kwa kazi. Bibi alinitaka kwa maneno."

Mshahara wake alilipwa na mwanaume wa nyumba, na hesabu hiyo imefungwa. Mazungumzo ya bafuni hayakulipwa na yeyote, na ndiyo anayoyakumbuka akiwa peke yake. Nisije nikayapamba. Angeweza kuyapata mazungumzo hayo bila kunyang'anywa pasi. Lakini ni yeye aliyeyatenga na mengine, akajua lipi alilazimishwa na lipi alitoa.

Jambo hili la nani anaona nini safarini ni la zamani. Mwaka 1896 Mjerumani Theodor Bumiller alisafiri kwenda Urusi na Siberia akiwa na mtumishi wake, Salim bin Abakari. Bwana ndiye aliyechagua njia, mtumishi alifuata. Carl Velten alipokusanya habari za wasafiri wa Kiswahili katika kitabu Safari za Wasuaheli cha mwaka 1901, simulizi la Salim liliingia humo, na leo msomaji wa Kiswahili anaweza kuiona Siberia ya karne ile kwa macho ya mtu aliyepelekwa huko na kazi. Nadhani ipo sababu ya utumishi kufunza macho. Bwana safarini anaweza kuagiza chai. Mtumishi lazima ajue kuni ziko wapi, maji yanachotwa wapi, nani anauza maziwa na kwa ishara gani ataelewana naye. Haja humpeleka mlangoni kwa watu, na mlangoni ndipo nchi inapoanza.

Waislamu wa Chemba wana safari moja ya nje ambayo wengine wetu tunaweza kujifunza kwayo, hata wasio wa dini hiyo. Mzee akinuia kwenda Hija, huuza ng'ombe, kisha kabla ya kuondoka huzunguka kwa watu akilipa madeni na kuomba radhi. Anayemdai debe la mtama alipwe sasa. Aliyekosana naye juu ya mpaka wa shamba wasameheane sasa. Akifika huko huvaa shuka mbili nyeupe sawa na wenzake wa kila taifa, tajiri asijulikane na mchungaji. Ajabu ya utaratibu huo ni kwamba anafunga hesabu za mali ili awe huru kuingia katika hesabu nyingine, ya kuombea wote aliowaacha nyumbani waliomtuma dua. Kazi au starehe? Swali lenyewe linaanguka. Amekwenda kwa hiari, akiwa na haja, akibeba haja za wengine.

Nao wanaokuja kwetu kwa kazi wanadaiwa vilevile. Wanaisimu wamekuja miaka na miaka kuisikiliza lugha ya Wasandawe. Wataalamu wa vinasaba nao walikuja wakachukua sampuli za damu, na mwaka 2009 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti juu ya jamii zaidi ya 100 za Afrika, Wasandawe na Waburunge wakiwamo. Damu ya mzee wa Farkwa inaweza kuwa imeifikia maabara ya Marekani wakati mwenyewe hajafika Dar es Salaam. Siwalaumu wataalamu, kwa kuwa kisichochunguzwa hakijulikani. Nasema tu kwamba hao walituhitaji, na aliyekuhitaji ana la kurudi kukueleza. Kijiji kinachotoa damu, lugha au kisima kina haki ya kusubiri jibu kwa lugha kinayoifahamu.

Dodoma sasa imefikiwa na treni ya umeme tangu 2024, na uwanja wa ndege wa kimataifa unajengwa Msalato. Vijana wetu watasafiri kuliko sisi, na watafundishwa kusafiri kwa namna ya fomu ile: wakiwa wamejitosheleza, wamelipia mapema, wamekatiwa bima. Wafanye hivyo, ndiyo nauli ya dunia ya leo. Lakini mahali fulani katika ratiba yao waache pengo la kumwomba mtu kitu ambacho wangeweza kukinunua, iwe njia, chumvi au maelezo, na wakipewa wasikimbilie kulipa.

Nasi tuliobaki tuna kazi. Mtumishi akirudi kutoka semina ya nje huandika ripoti, na ripoti huwekwa kabatini. Binti aliyekaa Muscat, dereva aliyepeleka mzigo mpaka Lubumbashi, mzee aliyetoka Makka, hao wote hawaandiki lolote na hakuna anayewaomba. Salim bin Abakari tunaye leo kwa sababu kuna mtu aliyeona simulizi la mtumishi linastahili karatasi. Shule zetu za sekondari zina wanafunzi wenye simu zinazorekodi sauti. Wawekwe chini na wasafiri hawa, wasianze na swali la fedha. Waulize: siku ya kwanza ugenini ni nani alikupa maji? Ulimfanyia nini? Yuko wapi sasa, na ungemwambia nini? Majibu yakikusanywa yatakuwa daftari la madeni ya Chemba duniani, na tunalihitaji mapema, kwa kuwa deni lisiloandikwa hufa na mdaiwa.